Kufutiwa mkopo wa masomo ukiwa mwalimu Marekani: hesabu kwanza, fomu baadaye

Mwalimu mwenzangu, mama kutoka Kongo anayefundisha darasa la tatu, alimaliza mwaka wake wa tano kazini na wiki hiyohiyo akapeleka fomu ya kufutiwa dola 5,000 za mkopo wake wa chuo. Alileta sambusa kwenye chumba cha walimu, tukampongeza. Ikapita karibu nusu mwaka ndipo akajua kwamba kwa sahihi ile alikuwa ameiondoa miaka yake mitano kwenye hesabu ya mpango mwingine, ule unaofuta deni lote lililobaki baada ya miaka kumi. Hakuna aliyemdanganya, na dola zile zilikuwa haki yake. Ila hakuna aliyemwambia kwamba mwaka mmoja wa kazi hauhesabiwi kwenye mipango yote miwili.

Ninaandika kwa ajili ya walimu wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani: waliosomea ualimu huku kwa mkopo, walio chuoni sasa, na wale ambao bado ni wasaidizi wa darasani wakiisaka leseni jioni na wikendi. Wapo wengi, na wengi wao wanabeba deni kubwa bila kujua kwamba serikali iliyowakopesha ndiyo hiyo inayotaka kuwafutia ili wabaki darasani.

Jua kwanza kama jambo hili linakuhusu

Mikopo inayofutwa ni ile ya serikali kuu ya Marekani, ambayo hupewa raia, wenye grini kadi na makundi mengine machache ya wahamiaji. Kama ulikuja kufundisha kwa viza ya J-1 au H-1B ukiwa umesoma Nairobi au Dar es Salaam, huna mkopo wa namna hii, na deni lako la HELB au la Bodi ya Mikopo haliguswi na mipango hii. Litabaki kulipwa kwa utaratibu wa nyumbani. Mkopo wa benki binafsi nao haumo, hata kama uliuchukua kulipia chuo hichohicho.

Fungua akaunti yako kwenye studentaid.gov na usome jina la kila mkopo, mmoja baada ya mwingine. Unachotafuta ni neno Direct. Ukiona Direct Subsidized au Direct Unsubsidized, uko mahali pazuri. Ukiona FFEL, huo ni mkopo wa zamani, uliokoma kutolewa katikati ya mwaka 2010, na kwa mpango wa miaka kumi itabidi kwanza uugeuze kuwa Direct kwa kuunganisha mikopo. Ukiona Perkins, usiunganishe chochote hadi usome sehemu yake hapa chini. Andika jumla ya deni, riba ya kila mkopo, na jina la kampuni inayopokea marejesho yako. Karatasi hiyo moja utaihitaji katika kila hatua inayofuata.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Wamarekani walishtuka, wakaona shule zao zimelala, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akasaini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Ndani yake mlikuwa na mikopo ya wanafunzi, na mwanafunzi aliyekwenda kufundisha shule za umma alifutiwa asilimia 10 ya deni kwa kila mwaka aliofundisha, hadi nusu ya deni lote.

Natamani tungeendelea hivyo. Mwalimu alimaliza mwaka, akaona deni limepungua, akapata sababu ya kurudi Agosti. Mpango mkuu wa leo wa walimu peke yao unadai ukamilishe miaka mitano mfululizo ndipo upate chochote. Ukiondoka mwezi mmoja kabla ya mwaka wa tano kwisha, hupati kitu. Wachumi waliouchunguza mpango huu wa leo waliona haubadilishi sana uamuzi wa mwalimu wa kubaki au kuondoka, na kwamba wengi wenye haki hata hawaombi. Huko Florida, jimbo lilipowalipia mikopo walimu wa masomo yenye uhaba, watafiti waliona waliolipiwa hawakuondoka kwa wingi kama wenzao, na kiasi kikubwa kilifanya kazi zaidi ya kidogo. Kwa hiyo fedha inaweza kumbakiza mwalimu shuleni, ila lazima iwe ya kutosha, na mwalimu aione njia ya kuifikia.

Hatua ya kwanza: zijue njia mbili kubwa

Njia ya miaka mitano inaitwa Teacher Loan Forgiveness. Unafundisha muda wote, miaka mitano ya masomo iliyokamilika na iliyofuatana bila kukatika, katika shule iliyomo kwenye orodha ya serikali ya shule zenye wanafunzi wengi wa familia za kipato cha chini. Ukifundisha hisabati au sayansi sekondari, au elimu maalumu katika ngazi yoyote, unaweza kufutiwa hadi dola 17,500. Wengine wote, hadi dola 5,000. Hapa hakuna idadi ya marejesho unayotakiwa kuwa umelipa. Kinachopimwa ni kazi.

Njia ya miaka kumi inaitwa Public Service Loan Forgiveness, na watu huiita PSLF. Hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na si ya walimu peke yao. Unahitaji marejesho 120 ya kila mwezi, ukiwa umeajiriwa kwa angalau saa 30 kwa wiki na serikali au shirika lisilo la faida, huku ukilipa kwa mpango unaokubalika, kwa kawaida ule unaopangwa kulingana na kipato chako. Baada ya rejesho la 120, kilichobaki kinafutwa chote, iwe dola 3,000 au 80,000. Miezi hiyo si lazima ifuatane. Ukiacha kazi mwaka mzima kulea mtoto, ukirudi unaendelea pale ulipoishia.

Walimu waliwahi kuiogopa PSLF, na hofu yao ilikuwa na msingi. Kundi la kwanza lilipofikisha miaka kumi, kuanzia 2017, karibu maombi yote yalikataliwa: wengine walikuwa na mkopo wa aina isiyokubalika, wengine walilipa kwa mpango usiohesabiwa, na hawakuwa wameambiwa. Mwaka 2021 serikali ililegeza masharti kwa muda, na kufikia Oktoba 2024 waliofutiwa walikuwa wamepita milioni moja. Njia inapitika, mradi mkopo na mpango wa kulipa viwe sahihi tangu mwanzo.

Msaidizi wa darasani, hapa nakuomba usome taratibu. Kazi yako haihesabiwi kwenye njia ya miaka mitano, kwa sababu inataka mwalimu mwenye shahada na leseni kamili ya jimbo. Hata mwalimu anayefundisha kwa kibali cha dharura au cha muda hahesabiwi. Lakini kwenye PSLF unahesabiwa kama umeajiriwa muda wote na wilaya ya elimu. Vivyo hivyo dereva wa basi la shule na mpishi wa jikoni. Nawajua watu waliofanya kazi ya usaidizi miaka sita huku wakilipa mikopo yao kila mwezi, bila kujua kwamba zaidi ya nusu ya safari walikuwa wameshaimaliza.

Hatua ya pili: kaa chini upige hesabu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kipindi kimoja cha kazi hakiwezi kuhesabiwa kwenye njia zote mbili. Ukiitumia miaka yako mitano ya kwanza kupata Teacher Loan Forgiveness, saa ya PSLF inaanza upya siku inayofuata, na jumla inakuwa miaka 15.

Chukua mfano wa mwalimu wa darasa la tatu mwenye deni la dola 38,000, riba asilimia 5, na rejesho la dola 200 kwa mwezi kulingana na kipato chake. Baada ya miaka mitano atakuwa amelipa dola 12,000, lakini riba imekula sehemu kubwa, na deni limebaki takriban 35,000. Akichukua dola zake 5,000, linashuka hadi 30,000. Akitaka PSLF baada ya hapo, ana miezi mingine 120, yaani dola 24,000 zaidi. Angeziacha zile 5,000 na kuendelea na PSLF tangu mwanzo, angebakiwa na miezi 60 tu, dola 12,000, kisha deni lililobaki lingefutwa. Dola 5,000 zimemgharimu 12,000, na miaka mitano ya ziada ya kuwa na deni.

Sasa chukua mwalimu wa elimu maalumu mwenye deni la dola 30,000 kwa riba na rejesho lilelile. Baada ya miaka mitano anadaiwa takriban 24,900. Akifutiwa 17,500, anabaki na 7,400, ambazo kwa dola 200 kwa mwezi anazimaliza kwa miezi kama 40, jumla dola 8,000 hivi. Kwa PSLF angelipa miezi 60 zaidi, dola 12,000. Huyu achukue fomu ya miaka mitano bila kusita. Na mwalimu wa hisabati sekondari mwenye deni la dola 16,000 hana hata cha kufikiria, kwa sababu deni lote linaweza kuisha mwaka wa tano.

Kwa hiyo tazama mambo mawili tu: ukubwa wa deni lako, na kama somo lako ni la 17,500 au la 5,000. Mwalimu wa darasa la kawaida la msingi mwenye deni linalozidi mshahara wa nusu mwaka, mara nyingi PSLF ndiyo yake. Ila usiniamini mimi. Weka tarakimu zako mwenyewe mahali pa zile nilizotumia, urudie hesabu.

Hatua ya tatu: ihakikishe shule kabla ya kusaini mkataba

Kwa njia ya miaka mitano, ingia studentaid.gov/tcli, chagua jimbo na mwaka wa masomo, utafute jina la shule. Itafute shule yenyewe, si wilaya yake, maana katika wilaya moja shule tano zinaweza kuwemo na sita zisiwemo. Chapisha ukurasa huo au upige picha yenye tarehe. Kama shule ilikuwa kwenye orodha mwaka mmoja kati ya uliofundisha kisha ikaondolewa, miaka yako inayofuata katika shule hiyohiyo bado inahesabiwa. Shule zote za serikali kuu kwa ajili ya watoto wa asili wa Marekani zimo.

Kwa PSLF orodha hii haina maana. Kinachoangaliwa ni nani anakulipa mshahara. Nenda kwenye fomu yako ya W-2, ile ya mshahara na kodi ya mwaka, kisanduku cha herufi b, utaona namba ya mwajiri. Iingize kwenye kifaa cha PSLF kilichopo studentaid.gov, kitakuambia kama mwajiri anakubalika. Tahadhari hasa kwa shule za charter: shule inaweza kuwa ya umma huku mwajiri wako ni kampuni ya biashara inayoiendesha, na hapo hesabu inakufa hata kama watoto unaowafundisha ni walewale.

Kwenye usaili, uliza bila aibu: shule iko kwenye orodha? Mkataba utaandikwa muda wote? Nani hutia sahihi fomu za mikopo, na anapatikana lini? Wakuu wa shule wanaolia kila Agosti kwamba hawapati walimu wa hisabati wangefanya vyema kuyasema haya wao wenyewe, kwenye tangazo la kazi, kabla ya kuulizwa. Dola 17,500 ni kivutio kikubwa ambacho hakitoki kwenye bajeti yao.

Hatua ya nne: chagua mpango wa kulipa

Hii ni ya wanaofuata PSLF. Lazima uwe kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato, la sivyo unaweza kulimaliza deni kabla ya kufutiwa, au kulipa miezi isiyohesabiwa. Mambo yamebadilika sana hapa. Mpango mmojawapo wa namna hii, SAVE, ulizuiwa mahakamani mwaka 2024, na miezi ambayo watu wamekaa humo wakiwa wamesimamishiwa marejesho haihesabiwi kwenye zile 120. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeanzisha mpango mpya uitwao RAP, wa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na marejesho yake yanahesabiwa kwenye PSLF. Mipango mingine ya kipato, PAYE na ICR, inafungwa kufikia tarehe 1 Julai 2028. Mwingine, IBR, unabaki kwa waliokopa zamani. Kama bado uko SAVE ukingoja, hama. Kila mwezi unaokaa humo ni mwezi umeutupa.

Mwalimu mwenye mkataba wa angalau miezi minane kwa mwaka, kwa wastani wa saa 30 kwa wiki, anahesabiwa kuwa kazini mwaka mzima. Kwa hiyo endelea kulipa Juni na Julai, miezi hiyo ni yako.

Hatua ya tano: karatasi, kila mwaka

Usingoje mwaka wa kumi. Kila Mei, kabla shule haijafungwa, jaza fomu ya PSLF mtandaoni na uitume kwa ofisi ya utumishi ya wilaya yako watie sahihi. Fanya hivyo pia kila unapohamia shule ya wilaya nyingine. Mimi nilipohama sikufanya, na miaka mitatu baadaye ilinichukua simu nyingi na majira mazima ya baridi kumpata mtu katika ofisi yangu ya zamani aliyekubali kuthibitisha kwamba niliwahi kufundisha pale.

Kwa njia ya miaka mitano, fomu hutumwa mara moja tu, baada ya mwaka wa tano kukamilika. Sehemu ya kazi huthibitishwa na mwalimu mkuu au ofisi ya utumishi, kisha fomu inakwenda kwa kampuni inayosimamia mkopo wako. Kama ulifundisha shule mbili, kila shule inathibitisha miaka yake. Lakini kila mwaka weka kwenye faili moja: mkataba, nakala ya leseni, ukurasa wa orodha ya shule, na barua ya mwalimu mkuu inayosema unafundisha somo gani. Mwalimu mkuu wa mwaka wako wa kwanza huenda hayupo tena utakapomhitaji.

Likizo ya uzazi au ya ugonjwa chini ya sheria ya likizo ya familia haikati mfululizo, mradi ulifundisha angalau nusu ya mwaka na mwajiri akakuhesabia kuwa umetimiza mkataba. Pata hilo kwa maandishi kabla hujaondoka, si baada ya kujifungua.

Na usiache kulipa kabisa. Mkopo usiolipwa kwa siku 270 unakutoa kwenye msamaha hadi urekebishe. Mwalimu ambaye kiasi atakachofutiwa kinatosha kulimaliza deni lake lote anaweza kuiomba kampuni imsimamishie marejesho katika miaka hiyo mitano. Iombe. Haitolewi usipoomba.

Njia ndogo zisizopaswa kusahaulika

Mikopo ya Perkins haitolewi tena tangu Septemba 2017, lakini mwenye nayo ana hazina. Akifundisha muda wote kwenye shule ya orodha, au somo lenye uhaba, inafutwa yote kwa miaka mitano: asilimia 15 mwaka wa kwanza na wa pili, 20 mwaka wa tatu na wa nne, na 30 wa tano. Unaomba kwa chuo kilichokukopesha. Ukiiunganisha na mikopo mingine, haki hii inakwisha siku hiyohiyo.

TEACH Grant ni ya walio chuoni sasa, hadi dola 4,000 kwa mwaka. Inaitwa ruzuku, lakini ina masharti makali: ufundishe miaka minne, ndani ya miaka minane tangu umalize, somo lenye uhaba, kwenye shule ya orodha. Usipotimiza, inageuka mkopo na riba inahesabiwa tangu siku uliyoipokea. Maelfu ya walimu waligeuziwa hivyo kwa sababu ya makosa ya fomu tu, hadi kanuni zikalegezwa mwaka 2021. Ichukue kama una uhakika utafundisha hisabati, sayansi au elimu maalumu. Kama bado unajiuliza, iache.

Majimbo nayo yana mipango yake. Iowa, kwa mfano, ina Teach Iowa Scholar, dola 4,000 kwa mwaka hadi miaka mitano, kwa walimu wa masomo yenye uhaba waliofaulu vizuri chuoni. Fedha za jimbo kwa kawaida zinaweza kwenda sambamba na za serikali kuu. Piga simu wizara ya elimu ya jimbo lako uulize, maana mipango hii hufunguliwa na kufungwa kadiri bajeti inavyoruhusu.

Wakikupigia simu

Watu wetu wanapigiwa sana. Sauti nzuri inasema umekubaliwa kufutiwa deni, lipa dola mia kadhaa za kushughulikia, nipe na nywila ya studentaid.gov. Fomu zote nilizotaja hapa ni bure, na hakuna kampuni yoyote yenye njia ya mkato. Ukishatoa nywila, badilisha leo, kisha iarifu kampuni halali ya mkopo wako.

Fomu ikikataliwa, soma sababu kabla ya kukata tamaa. Mara nyingi ni tarehe isiyolingana au sahihi iliyokosekana, na unaruhusiwa kutuma tena. Ikikubaliwa, hakuna kodi ya serikali kuu juu ya kiasi kilichofutwa kwa njia hizi mbili, ila kanuni za jimbo lako ziangalie. Hifadhi barua ya msamaha pamoja na cheti chako cha ndoa na pasipoti. Yule mama wa darasa la tatu sasa yuko mwaka wa pili wa saa mpya ya PSLF, na kila Mei hukaa mezani pamoja na walimu wapya, kompyuta zikiwa wazi, kuhakikisha hakuna anayesaini fomu kabla ya kupiga hesabu.